UPRONA: Jina Moja, Nyuso Nyingi

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari na polisi mnaotusikiliza mkiwa makambini na vituoni, maoni yetu ya leo yanahusu swali ambalo husikika mara kwa mara katika mitaa ya Ngagara: UPRONA ni chama cha nani?

Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 1993 hujibu upesi kwamba ni chama cha Watutsi. Mzee aliyepangishwa nyumba na OCAF, lile shirika la Wabelgiji lililoijenga Ngagara katika miaka ya 1950, atamkatalia. Mzee huyo anakumbuka chama cha wakulima, makarani na wafanyabiashara, Wahutu kwa Watutsi, pamoja na Waswahili wa Buyenzi ng'ambo ya mto Ntahangwa. Wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa wakati wake. Kosa ni la yule anayedai kwamba chama hicho kilikuwa vile tangu siku ya kwanza, au kwamba hakikubadilika kamwe.

Mwanamfalme Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne, alianza na ushirika wa wafanyabiashara mwaka 1957, kisha akaingia katika siasa. Mpinzani wake mkubwa hakuwa Mhutu wala Mtutsi. Alikuwa Mganwa mwenzake. Chama cha PDC kiliongozwa na watoto wa Baranyanka, wa ukoo wa Batare, hali Rwagasore alikuwa wa Bezi. Wabelgiji walikipendelea PDC. Katika uchaguzi wa komini wa mwisho wa mwaka 1960, Rwagasore akiwa amezuiliwa asitembee nchini, PDC ilipata viti 942 na UPRONA 545. Miezi michache baadaye, tarehe 18 Septemba 1961, chini ya macho ya Umoja wa Mataifa, UPRONA ikatwaa viti 58 kati ya 64 vya Bunge.

Ushindi wa namna hiyo haupatikani kwa kabila moja, hasa katika nchi ambayo Wahutu ndio wengi. Wafuasi wa chama waliitwa Badasigana, jina la kale la askari wa Mwami, lenye maana ya watu wasioachana.

Waliachana mapema mno. Rwagasore alipigwa risasi tarehe 13 Oktoba 1961 na Mgiriki aitwaye Kageorgis, katika njama iliyowahusisha viongozi wa PDC. Alikuwa Waziri Mkuu kwa muda wa wiki mbili tu. Hakuacha mrithi aliyekubalika na wote. André Muhirwa, Mganwa, akaugombania uongozi wa chama na Paul Mirerekano, Mhutu. Na nchini Rwanda mapinduzi ya mwaka 1959 yalikuwa yameuangusha utawala wa Watutsi, na wakimbizi walikuwa wakimiminika kwetu na habari za kutisha. Kila Mtutsi wa Burundi aliyesikiliza habari hizo alijiuliza kama zamu yake inakuja. Na baadhi ya Wahutu walijiuliza kwa nini zamu yao haiji. Mwezi Januari 1962, kabla hata ya bendera ya Mbelgiji kushushwa, vijana wa chama waliojiita kwa jina la Rwagasore waliwaua wanasiasa Wahutu katika mtaa wa Kamenge, jirani kabisa na Ngagara. Bungeni UPRONA ikagawanyika makundi mawili, Casablanca na Monrovia. Majina yalikopwa kutoka siasa za Afrika, lakini la kwanza lilikuwa na Watutsi wengi, na la pili Wahutu wengi.

Yaliyofuata mnapaswa kuyajua kuliko raia wengine, kwa kuwa ndipo bunduki ilipoingia katika hesabu ya kura. Tarehe 15 Januari 1965 Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe, Mhutu, aliuawa kwa risasi. Mwezi Mei UPRONA ilishinda tena uchaguzi, na kati ya wabunge 33 wa vyama vyote, 23 walikuwa Wahutu. Mwami hakumteua Mhutu kuwa Waziri Mkuu. Alimteua Mganwa, Léopold Biha. Mwezi Oktoba maofisa Wahutu wa jeshi na jandarmeri wakajaribu kupindua serikali. Biha alijeruhiwa vibaya, na katika Muramvya Watutsi wakauawa. Jaribio liliposhindwa, maofisa hao walipigwa risasi, na pamoja nao wanasiasa Wahutu wengi, akiwemo Mirerekano, na Joseph Bamina aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka ule ule. Hivyo UPRONA haikuwapoteza viongozi wake Wahutu kwa kura, wala kwa kujiuzulu. Waliuawa.

Mwaka uliofuata, tarehe 23 Novemba 1966, UPRONA ikatangazwa kuwa chama pekee, na siku tano baadaye Kapteni Michel Micombero akauondoa ufalme. Tangu hapo chama kikawa kivuli cha jeshi. Mwaka 1972, baada ya waasi Wahutu kuwaua Watutsi katika kusini ya nchi, dola iliwatafuta Wahutu waliosoma, makarani, walimu, wanafunzi na askari, ikawaua kwa maelfu mengi. Makadirio ya waliokufa hupita 100,000. Picha ya Rwagasore ilibaki ukutani katika ofisi za chama muda wote huo.

Hapa inafaa tutazame ng'ambo kidogo. Marekani nako vyama viwili vikubwa vimebadilishana sura katika jambo la rangi. Chama cha Republican kilianzishwa mwaka 1854 na watu waliopinga utumwa usienee, na ndicho cha Abraham Lincoln. Chama cha Democratic kilikuwa ngome ya Wazungu wa kusini waliowanyima Weusi kura. Lakini kufikia mwaka 1936 wapiga kura Weusi wengi walikuwa wamehamia kwa Roosevelt, wa Democratic, wakiongozwa na njaa na ajira. Na Rais Johnson wa chama hicho alipotia sahihi sheria ya haki za raia mwaka 1964, Wazungu wa kusini wakaanza kukihama. Seneta Strom Thurmond wa South Carolina alihamia Republican mwaka huo huo. Punda na tembo, alama za vyama hivyo, ni wale wale. Waliowapanda ndio waliobadilishana. Kusini kule nako damu ilimwagika, tusidanganyane, lakini mwishowe mabadiliko yenyewe yalihesabiwa katika masanduku ya kura. Kwetu kwa muda mrefu sanduku halikuwepo.

Liliporudi, UPRONA ilijaribu kuirudia sura ya kwanza. Baada ya mauaji ya Ntega na Marangara ya Agosti 1988, Meja Pierre Buyoya alimteua Adrien Sibomana, Mhutu, kuwa Waziri Mkuu. Katiba ya mwaka 1992 ilikataza vyama vya kikabila. Tarehe 1 Juni 1993 wananchi wakamchagua Melchior Ndadaye wa FRODEBU kwa kura kiasi cha asilimia 65, na Buyoya wa UPRONA akapata kiasi cha 32. Asilimia hizo zinataka kusomwa kwa makini. Watutsi peke yao hawakutosha kufika huko. Walikuwepo Wahutu, na si haba, waliomchagua Buyoya.

Wahutu hao ndio historia inaowasahau. Ndadaye alipouawa na askari tarehe 21 Oktoba 1993, vilimani Watutsi waliwindwa na kuuawa, na Mhutu wa UPRONA aliuawa pamoja nao kama msaliti. Jeshi lilipofika kulipiza, halikumwuliza Mhutu kadi yake ya chama. Katika miaka ya 1994 na 1995 Wahutu walikimbia Ngagara na Watutsi wakakimbia Kamenge, na barabara kati ya mitaa hiyo miwili ikawa mpaka. Wakati huo huo mwenyekiti wa UPRONA alikuwa Charles Mukasi, Mhutu, tena mkali kuliko Watutsi wengi katika kukataa mazungumzo na waasi. Hata hivyo, wajumbe walipoketi Arusha, vyama viligawanywa kambi mbili waziwazi: G-7 ya Wahutu na G-10 ya Watutsi. UPRONA iliwekwa katika G-10.

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitoa amri inayowahusu ninyi: katika vyombo vya ulinzi na usalama kabila moja lisizidi nusu. Kwa sheria za mwisho wa mwaka 2004 jeshi jipya na polisi mpya viliundwa, na waliopigana porini wakavaa sare moja na waliowawinda. Katiba ya mwaka 2005 ikaweka Bungeni Wahutu asilimia 60 na Watutsi 40, pamoja na Watwa watatu, na ikaamuru kwamba katika kila wagombea watatu wanaofuatana katika orodha, wawili tu waweza kuwa wa kabila moja. Waliotunga sheria hiyo pengine hawakutazamia matokeo yake yote. Mtutsi hakuihitaji tena UPRONA ili aingie Bungeni. CNDD-FDD, iliyotoka katika uasi wa Wahutu, ilipata mwaka 2005 viti 64 kati ya 118, na ndani yake walikuwemo Watutsi. UPRONA ilipata 15.

Mwaka 2014 UPRONA iligawanyika mbele ya macho ya watu wote, bawa moja likitambuliwa na serikali na jingine likikataliwa. Mwaka 2020 ilibakiwa na wabunge wawili. Katika uchaguzi wa Juni 2025 ilikuwa ya pili kwa kura, lakini kwa asilimia isiyofika mbili, na viti vyote 100 vilivyopigiwa kura vilitangazwa kuwa vya CNDD-FDD. Watutsi walioshinda viti siku ile walichaguliwa katika orodha ya chama ambacho, robo karne iliyopita, wajumbe wa Arusha wangekihesabu kuwa cha Wahutu bila kuuliza.