Nambari Zilizo Chini ya Hundi

Tazama mzinga wa nyuki uliotundikwa mtini karibu na Ikutha, katika nchi ya Wakamba upande wa kusini wa Kitui. Juu ya mti wake utaona mikato michache iliyochongwa kwa kisu. Mgeni hudhani kuwa ni pambo tu. Mwenyeji ajua kuwa ni alama ya ukoo, na kwa alama hiyo atakwambia mzinga ni wa akina nani, hata kama mwenyewe yuko safarini. Chapa za namna hiyo zilitiwa pia juu ya ng'ombe, na mishale nayo ilikuwa na alama, ili mnyama akianguka porini pasiwe na ugomvi juu ya mwenye kumpiga. Msomi wa Kiswidi, Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, aliziandika alama hizo katika kitabu chake juu ya Wakamba.

Hundi ya benki nayo ina alama yake. Huenda umekwisha kuiona hundi, pengine ile ya msaada wa karo iliyoletwa shuleni kwa ajili yako au jirani yako wa dawatini. Watu wengi husoma jina, kiasi cha fedha na sahihi, kisha huridhika. Mstari wa chini kabisa, wenye tarakimu nyeusi za umbo geni, hawautazami. Walakini huo ndio unaoiongoza karatasi kwenda kwao. Ukikosewa, fedha hazifiki kwa wakati, na mwanafunzi aliyekuwa akizingoja hurudishwa nyumbani.

Hapo kale hundi haikuwa na nambari hizo. Neno lenyewe tumelipata kwa wafanyi biashara wa Kihindi, ambao zamani waliandikiana karatasi za kumwamuru mwenzi aliye mbali amlipe fulani fedha kadha. Katika Unguja ya karne ya 19, Wahindi ndio waliowakopesha matajiri wa misafara iliyokwenda bara kutafuta pembe za ndovu. Hundi ya zama hizo ilitegemea kujuana: aliyeipokea aliujua mwandiko wa aliyeiandika, aliijua nyumba yake, na pengine alimjua hata babaye. Kwa watu wachache jambo hili lilitosha.

Tatizo lilianza watu walipokuwa wengi. Mjini London, katika karne ya 18, kila benki ilimtuma karani wake azunguke mchana kutwa katika benki nyingine zote, akipeleka hundi na kudai fedha. Kazi hiyo ilichosha miguu na ilikuwa ya hatari, kwa maana karani alirudi na mfuko wa fedha mkononi. Basi makarani wenyewe, bila ya kuamriwa na wakubwa wao, wakaanza kukutana mahali pamoja katika mtaa wa Lombard, wakabadilishana hundi zao na kulipana tofauti tu. Wakubwa waliona faida ya jambo hilo, wakalikubali, na baadaye likajengewa jumba lake. Mimi naona kuwa hao makarani, ambao majina yao hatuyajui, walifanya kazi kubwa kuliko mabwana wengi wa fedha waliochorwa picha.

Hatua iliyofuata ilitoka Marekani. Katika miaka ya 1950 hundi zilizidi mno, hata mabenki mengine yakalazimika kufunga milango saa nane mchana ili makarani wapate nafasi ya kuziingiza vitabuni. Benki iitwayo Bank of America iliwaomba wataalamu wa Stanford waitengenezee mashine ya kufanya kazi hiyo, nayo ilionyeshwa kwa watu mwaka 1955. Lakini mashine haina kujuana na mtu. Haiwezi kusoma mwandiko, wala haiwezi kumtenga Mutua huyu na Mutua yule. Na wewe uliyesoma Ukambani wajua jinsi akina Mutua walivyo wengi katika darasa moja! Kwa hiyo kila akaunti ilipewa nambari, na nambari ikapigwa chapa chini ya hundi kwa wino uliochanganywa na unga wa madini ya chuma.

Tarakimu zile zimepewa umbo lao geni kwa sababu maalumu. Mashine hulitia lile chuma nguvu za sumaku, kisha hupitisha hundi mbele ya chombo kinachozihisi nguvu hizo. Kila tarakimu, kwa unene na wembamba wake, hutoa mshindo wake peke yake, kama vile kila ngoma ilivyo na mlio wake. Mashine haitazami wino kwa macho. Hivyo hata mhuri ukipigwa juu ya tarakimu, au kikitiwa doa la chai, yaweza kuzisoma vilevile.

Turudi sasa kwetu Kenya. Katika mstari huo mna nambari ya hundi yenyewe, nambari ya akaunti, na nambari ya benki pamoja na tawi lake, yenye tarakimu tano. Mbili za kwanza ni za benki, tatu zinazofuata ni za tawi. Hapa ndipo mwanafunzi wa historia apaswapo kufungua macho. National Bank of India ilifungua tawi Unguja mwaka 1892 na Mombasa mwaka 1896, reli ilipokuwa ikianza kujengwa. Kwa njia ya kuungana na kuuzwa, iligeuka kuwa Kenya Commercial Bank mwaka 1970. Nambari yake ni 01. Standard Bank of South Africa ilifika mwaka 1911. Leo yaitwa Standard Chartered, na nambari yake ni 02. National Bank of South Africa ilikuja mwaka 1916, ikamezwa na Barclays, na tangu mwaka 2020 jina lake hapa ni Absa. Nambari yake ni 03. Waona kuwa nambari zafuata zamu ya kuwasili. Majina yamebadilishwa mara nyingi milangoni, nambari zimekaa. Benki Kuu, iliyoanzishwa mwaka 1966, ni 09. Na Equity, iliyoanza Kangema mwaka 1984 kama chama cha kukopesha watu fedha za kujengea nyumba, ikawa benki mwishoni mwa mwaka 2004, ni 68.

Kwa muda mrefu mtu wa Ikutha aliyepewa hundi alisafiri mpaka mji wenye benki, na hundi yenyewe ikasafiri tena ndani ya mfuko mpaka Nairobi, ambako mabenki yalikutana kubadilishana. Ikiwa mvua imenyesha na barabara ya udongo imeharibika, fedha zilingoja, na mwenye duka naye alingoja. Mwaka 1998 kazi ya Nairobi ilianza kufanywa kwa mashine. Mwezi wa Agosti 2011 karatasi yenyewe iliachishwa safari: benki inayoipokea huipiga picha, na picha pamoja na zile nambari ndizo zinazopelekwa.

Hundi zenyewe zimepungua. Tangu mwaka 2009 hakuna hundi inayoruhusiwa kupita shilingi milioni moja katika kubadilishana huko, na tangu mwaka 2007 fedha nyingi hutumwa kwa simu. Lakini mwalimu wa Ikutha anayejaza fomu ili mshahara wake upelekwe benki huandika nambari ya akaunti, kisha huandika tarakimu mbili za benki na tatu za tawi, ingawa hakuna hundi itakayoandikwa.