Mfungo Uliowalisha Wajane

Kila Kwaresima hakosekani Mkristo anayenung'unika kwamba michango, ziara za wagonjwa na magunia ya unga mlangoni mwa kanisa vimeugeuza mfungo kuwa kazi ya ustawi wa jamii, ilhali watu wa kale walifunga kwa ajili ya roho zao. Historia haimuungi mkono. Kitabu kiitwacho Mchungaji wa Hermas, kilichoandikwa Roma katika karne ya 2, kinamwagiza anayefunga ale mkate na maji tu, apige hesabu ya gharama ya chakula ambacho angekula siku hiyo, kisha fedha hiyo ampe mjane, yatima au mhitaji. Katika karne hiyohiyo, Aristides wa Athens alimwandikia kaisari akiwatetea Wakristo, akaeleza kuwa wale wasio na akiba hufunga siku mbili au tatu ili maskini apate kula. Siku arobaini zenyewe tunakuja kuzisikia katika Mtaguso wa Nikea, mwaka 325. Huduma, basi, iliitangulia kalenda, na Papa Leo Mkuu (440–461) alipohubiri Kwaresima hakuacha kuufunga mfungo na sadaka pamoja.

Ni kweli huduma hiyo iliwahi kukauka ikabaki sherehe. Uingereza ni mfano mzuri: mwaka 1210 Mfalme John aliwagawia maskini mavazi na chakula mjini Knaresborough siku ya Alhamisi Kuu, na wafalme waliofuata wakawa wakiwaosha maskini miguu, hadi James II, wa mwisho kufanya hivyo, katika karne ya 17. Siku hizi hutolewa sarafu za fedha, tena kwa wazee waliochaguliwa kwa sababu wao ndio waliowatumikia wengine. Ni heshima njema, ila maskini ameshatoka kwenye picha. Papa Francis alimrudisha mwaka 2013 alipoosha miguu ya vijana 12 katika gereza la watoto la Casal del Marmo, Roma, wakiwamo Waislamu.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye Injili yenyewe: Mathayo sura ya 6 inataka sadaka itolewe kwa siri. Je, kampeni za hadharani, kama ile ya Misereor, shirika lililoanzishwa na maaskofu wa Ujerumani mwaka 1958, au Kampeni ya Kwaresima ya maaskofu wa Kenya, haziivunji amri hiyo? Yesu alimkemea mtoaji anayetafuta sifa. Hakuagiza mgawanyo ufichwe. Matendo ya Mitume sura ya 6 inasimulia jinsi wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walivyosahauliwa katika mgawo wa kila siku, na dawa yake ikawa kuwachagua watu saba mbele ya kusanyiko lote. Mtoaji afiche jina lake, lakini parokia inayokusanya sadaka ya Kwaresima iwasomee waumini mapato na matumizi, na itaje fedha zilikokwenda.