Kasoro za uchanga: ni nani hasa aliye mchanga?

Mtafsiri wa habari za magari hukwama mapema, na mara nyingi hukwama palepale. Kampuni imetoa pikapu iliyosukwa upya kuanzia chesisi hadi injini, wateja wa kwanza wameanza kuirudisha kwa wakala, na msemaji anatoka na lugha laini. Waingereza humfananisha mtambo wa namna hiyo na mtoto anayeota meno: homa kidogo, usiku mmoja wa kulia, kisha yanapita. Wajerumani husema una magonjwa ya utotoni. Wafaransa huyaita magonjwa ya ujana. Sisi je?

Magazeti yetu mengi huandika "matatizo ya awali" na kusonga mbele. Hilo si kosa, ila ni neno lisilobeba kitu. Awali ya nini? Gari linaweza kupata matatizo ya awali kwa sababu dereva ni mgeni wa gia, au kwa sababu wakala alilitia mafuta mabaya. Istilahi inapaswa kumwonyesha msomaji chanzo, na chanzo hapa ni kiwanda ambacho bado hakijazoea kazi yake mpya.

Kuota meno nako kunatuletea balaa. Kwa Mswahili meno ya mtoto si jambo la kuchekea. Aliyeanza kuota ya juu aliitwa kigego, na palikuwa na watu walioamini kwamba anakuja na mkosi. Na wapo wazazi Tanzania wanaomkumbuka mtoto aliyepelekwa kwa mganga kung'olewa "meno ya plastiki" kwa sababu ya homa na kuharisha. Ukimwambia msomaji huyo kwamba gari linaota meno, hutakuwa umemtuliza.

Mimi nimechagua "kasoro za uchanga". Tunalo tayari neno changa katika mtoto mchanga, mwezi mchanga na embe changa, na katika yote matatu kuna kitu kisichokomaa ambacho kimo njiani kukomaa. Linaendana pia na lugha ya wahandisi wa kutegemeka kwa mitambo, ambao huchora kiwango cha hitilafu dhidi ya muda na kupata umbo la hodhi la kuogea: ukingo mrefu mwanzoni, sakafu tambarare katikati, ukingo mwingine mwishoni mtambo unapochakaa. Ule ukingo wa kwanza wao huuita, kwa ukali kidogo, vifo vya watoto wachanga. Kwa hiyo uchanga haukutoka hewani.

Lakini istilahi hupimwa kwa kisa, na kisa ninachokijua vizuri ni cha Toyota Tundra ya Marekani. Toleo lililotangulia lilianza na modeli ya 2007 na lilisifika kwa injini yake ya V8 ya lita 5.7, kubwa, mlafi wa petroli, isiyo na makeke. Modeli ya 2022, inayoundwa San Antonio, Texas, ilibadilisha karibu kila kitu. V8 ikaondoka, ikaingia V6 ya lita 3.4 yenye turbo mbili.

Mwaka uleule wa 2022 zikaitwa zirudishwe kwa wakala pikapu takriban 46,000 kwa sababu nati za ekseli ya nyuma zingeweza kulegea. Hii ndiyo kasoro ya uchanga kama ilivyo katika vitabu: mkono wa mfungaji au mashine ya kukazia haijatulia, kazi inarekebishwa kiwandani, zilizokwisha kutoka zinakazwa upya, na jambo linasahaulika.

Ya injini ni kubwa zaidi. Mwezi wa Mei 2024 Toyota iliita magari takriban 102,000 nchini Marekani, Tundra na Lexus LX za 2022 na 2023. Maelezo ya kampuni yalikuwa kwamba wakati wa kutoboa na kuchonga bloku, chembe za chuma hazikusafishwa zote. Mtu wa gereji anaelewa mara moja. Bloku hutobolewa njia nyembamba za kupitishia oili, zenye kona nyingi. Huoshwa kwa maji ya nguvu, lakini chembe moja ikijificha itakaa hapo mpaka oili yenyewe iisukume hadi kwenye beringi kubwa za krenki. Krenki haigusi beringi zake. Inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Chembe ikiingia, utando unakatika, chuma kinakutana na chuma, joto linapanda, na kinachofuata mafundi wetu wana neno lake moja: injini imenoki. Dereva husikia mgongano, nguvu hupungua, na gari laweza kuzimika katikati ya barabara kuu. (Kiswahili nacho kinatuchezea hapa. Mchanga wa "mtoto mchanga" na mchanga wa pwani huandikwa sawasawa, na chembe hizo hufanya kazi ileile ya mchanga kwenye kinu.)

Pikapu zenye mota ya umeme pamoja na petroli hazikuitwa, ingawa injini ni ya aina hiyohiyo, kwa hoja kwamba injini ikizima mota bado inaweza kulisogeza gari. Hoja hiyo inatosha kwa mkaguzi wa usalama barabarani. Kwa mwenye gari anayelipia mkopo haitoshi.

Tiba iliyotangazwa ilikuwa kubadilishiwa injini nzima, bila malipo. Na hapo ndipo sitiari zote za utotoni, yangu ikiwemo, zinapoanza kuvuja. Mtoto akiota meno ni yeye mwenyewe anayekua. Homa inamtoka yeye. Gari lako halikui. Kinachokua ni toleo: mashine zinarekebishwa, wafanyakazi wanazoea, wauza vipuri wanabanwa, na gari la laki moja linatoka safi kuliko la mia moja. Lile la mia moja, lililoko kwako uwanjani, linabaki na chembe zake mpaka mtu alifungue. Anayesema "ni kasoro za uchanga, zitapita" anasema kweli kuhusu kiwanda na anamdanganya mnunuzi, kwa sentensi ileile.

Ndiyo maana nimeongeza neno moja: kasoro za uchanga wa toleo. Ni refu, najua, na mhariri wa vichwa vya habari atanichukia. Lakini linamtaja aliye mchanga.

Neno hilo lina faida nyingine, nayo ni kwamba linakwisha muda. Uchanga una mwaka mmoja, miwili kwa huruma. Hata injini yenyewe haikuwa ngeni kabisa. Aina hiyo ya V6 ilianza kwenye sedani ya Lexus LS 500 miaka kadhaa kabla ya Tundra, na ukoo huo ndio umo katika Land Cruiser 300 inayofahamika sana katika nchi za Ghuba. Kisha Novemba 2025 likaja tangazo jingine: magari mengine takriban 127,000, safari hii yakiwemo ya modeli ya 2024 na Lexus GX, na sababu iliyotajwa ni zilezile chembe. Kampuni ilikuwa imekwisha kuueleza ugonjwa huo kabla, na bado orodha ya wagonjwa ilikuwa inarefuka.

Ushauri wangu kwa wanaoandika: kwa nati za ekseli za 2022, andika kasoro za uchanga wa toleo. Kwa injini za 2022 na 2023 unaweza kuandika hivyo pia, ukitaka kuwa mpole. Kwa injini za 2024 andika kasoro, basi.