Tarehe Imo Kwenye Bampa

Picha za zamani za Dar es Salaam zina ugonjwa mmoja: nyuma yake hakuna kitu. Ukiigeuza unakuta muhuri wa studio uliofifia, au doa la gundi ya albamu, basi. Nani amesimama pale, mtaa gani, mwaka gani, hayo yote yalikuwa kichwani mwa aliyeibandika, naye hakuona sababu ya kuandika jambo ambalo nyumba nzima ililijua. Miaka hamsini baadaye picha inapita mkono kwa mkono barazani na ubishi unaanza. Mmoja anasema hapo ni Mtaa wa Mosque, mwenzake anaapa ni Mtaa wa India. Nimekaa kwenye ubishi wa namna hiyo mara nyingi, na mara nyingi anayeumaliza si mjuzi wa majumba. Ni mjuzi wa magari.

Nyumba ni shahidi mzito wa kusema. Pale Uhindini, upande wa mjini wa Mnazi Mmoja, matajiri wa zamani walipenda kuchonga mwaka wa ujenzi juu kabisa ya ukuta wa mbele, pengine pamoja na jina la mwenye nyumba. Duka chini, familia juu, fundi cherehani kwenye veranda. Lakini nyumba iliyoandikwa 1936 ilikuwapo 1956, ikawapo 1976, na zipo ambazo hadi leo hazijabomolewa. Gari halina subira hiyo. Morris Minor ilianza kuuzwa mwaka 1948, Peugeot 404 mwaka 1960, na 504 mwaka 1968. Ukiiona 404 imeegeshwa mbele ya duka la vitambaa, usikubali kuambiwa kwamba picha ni ya enzi za Gavana Twining. Twining aliondoka nchini mwaka 1958.

Hiyo 404 inastahili tuipe nafasi, kwa sababu hakuna gari linalotajwa kwa mapenzi zaidi wazee wa mjini wanapokumbushana. Siri yake ilikuwa barabara. Lami ilikuwa chache, mashimo mengi, na gari lililotengenezwa Ufaransa likaonekana kana kwamba lilifikiriwa kwa ajili ya njia ya Morogoro wakati wa masika. Halafu kulikuwa na mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika nchi zote tatu za Afrika Mashariki. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda kwa 404 mwaka 1966, akarudia 1967. Baada ya hapo ungemwambia nini mtu aliyetaka kununua gari? Volkswagen nayo ilikuwa na ushindi wake wa miaka ya 1950, na wapenzi wake hawakubali hadi leo kwamba ilipitwa. Tuwaachie.

Mabango ya maduka nayo yanasema, ila yanataka msomaji anayejua siasa. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na siku chache tu baadaye benki zilikuwa mali ya umma. Kwa hiyo jengo lenye bango la Barclays, na jengo lile lile lenye bango la Benki ya Taifa ya Biashara, ni picha mbili zenye mpaka unaojulikana karibu kwa siku. Mwaka 1971 ikafuata sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha, na karibu majengo 3,000 nchini yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Familia iliyojenga ghorofa kwa faida ya duka la kanga ikajikuta inalipa kodi kwenye ghorofa hiyo hiyo, au ikafungasha na kwenda Uingereza au Kanada. Ndiyo maana albamu nyingi za Uhindini leo haziko Dar es Salaam. Kipande kikubwa cha historia ya mitaa yetu kimelala kwenye makabati ya Leicester na Toronto, na huko hakuna jirani wa kuuliza.

Kuna tarehe nyingine isiyoonekana kwenye picha ila husikika mdomoni. Mzee akisema alinunua viatu vyake vya harusi Acacia Avenue, ujue anazungumzia ukoloni. Akisema Independence Avenue, uhuru umeshapatikana. Kijana atasema Samora, na wote watatu wanasimama kwenye lami moja. Ndivyo ilivyo pia kwa Kichwele iliyogeuka Uhuru, New Street iliyogeuka Lumumba, na Barabara ya Pugu ambayo sasa ni ya Nyerere. Nina marafiki wanaowasahihisha wazee wao wanapotaja majina ya zamani. Wanaharibu ushahidi.

Ukivuka Mnazi Mmoja kuingia Kariakoo, kipimo cha gari kinaanza kukosa kazi. Mwaka 1924 Waingereza waliugawa mji kwa kanda tatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi uwe mpaka. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Mitaa yake ya Mahiwa na Narung'ombe ina majina ya mahali palipopiganwa Vita ya Kwanza ya Dunia mwaka 1917, ingawa anayenunua simu pale leo hana habari. Picha za mitaa hii za miaka ya 1950 zina nyumba za Kiswahili za vyumba sita na ukumbi katikati, zina baraza, zina mkokoteni, zina baiskeli. Gari likiwapo, mara nyingi ni la mgeni. Huku mjuzi wa magari inabidi ampishe mjuzi wa baiskeli, na akitokea mtu ameegemea Swala, baiskeli iliyounganishwa hapa nchini, basi tumeshafika miaka ya ujamaa.

Mabasi ndiyo yaliyofika pande zote. DMT, kampuni iliyotawala usafiri wa mji tangu ukoloni, ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 ikazaliwa UDA, yaani Usafiri Dar es Salaam. Kizazi changu kinaikumbuka UDA kwa Ikarus za Hungaria, hasa zile ndefu zilizounganishwa katikati kwa mpira wenye mikunjo. Watu wakaziita kumbakumba. Zilipoanza kuchakaa, vipuri havikuwapo wala fedha za kigeni, na foleni kituoni ikawa ya kutwa. Magari binafsi yakajaza pengo kwa kificho hadi mwaka 1983, serikali iliporuhusu yabebe abiria kwa nauli ya shilingi tano. Sarafu ya shilingi tano iliitwa dala, kondakta akapaza sauti "dala, dala!" na jina likaganda. Baada ya hayo zikaja chai maharage, pikapu zenye mabenchi mawili yaliyotazamana, ambako ulisafiri goti kwa goti na mtu usiyemjua, na mvua ikinyesha ukamjua.

Hapa lazima nikiri udhaifu wa kipimo changu. Gari hutaja mwaka ambao picha haiwezi kuutangulia, lakini halikuambii lini lilikufa, na Tanzania ya miaka ya 1970 na 1980 magari hayakuruhusiwa kufa. Kuagiza jipya ilikuwa shida. Mafuta yalipopanda bei, serikali ilipiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mafundi wa Gerezani wakajifunza kulifufua gari moja kwa viungo vya matatu, 404 yenye mlango wa kijani na boneti nyeupe. Picha ya gari la namna hiyo inaweza kuwa ya 1965 kwa umbo na ya 1985 kwa rangi.

Mahali pamoja magari yote yalikutana: sinema ya Drive-In, njia ya Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966. Benzi ya mkurugenzi, Land Rover ya shirika la umma yenye namba za SU ambayo haikupaswa kuwa pale, Volkswagen iliyobeba watoto sita. Wasio na gari waliingia pia na kukaa mbele. Kiwanja kile sasa ni ubalozi wa Marekani, na kupiga picha hairuhusiwi.

Kwa hiyo, msomaji, kama una albamu nyumbani, itoe kesho. Mtafute aliye hai anayejua, umsomee namba ya gari, bango la duka na jina la kanga kama linasomeka. Andika nyuma ya picha kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, maana wino hupenya. Andika na jina la mtaa kama yeye alivyolitamka.