Kasuku wa Kijivu wa Walikale na Mikataba ya Mataifa

Kasuku wa kijivu (Psittacus erithacus) ni ndege wa misitu ya Afrika ya ikweta, mwenye urefu wa sentimita 33 hivi na mkia mwekundu. Hutaga katika matundu ya miti mikubwa na hupenda sana chikichi. Katika Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, makao yake ni misitu ya nyanda za chini ya Walikale. Masisi, nchi ya milima na malisho ya ng'ombe, kwake ni njia tu ya kusafirishwa akishakamatwa: barabara ya Walikale kwenda Goma hukatiza huko hadi Sake.

Mikataba inayolinda ndege ni ya namna mbili. Namna ya kwanza humfuata ndege anayehama, kama Mkataba wa mwaka 2001 unaolinda albatrosi na petreli, ndege wa baharini wanaonaswa na ndoana za meli za uvuvi. Namna ya pili humfuata mfanyabiashara. Kasuku hahami, anayemvusha mipaka ni binadamu, kwa hiyo yuko chini ya namna ya pili, yaani Mkataba wa CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973.

CITES hupanga viumbe katika viambatisho vitatu. Cha Pili huruhusu biashara kwa kibali, na humo kasuku alikaa tangu 1981. Cha Kwanza hukataza biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini. Kasuku alihamishiwa humo katika mkutano wa Johannesburg mwaka 2016, na uamuzi ukaanza kutumika Januari 2017. Waliozalishwa kizimbani bado huuzwa kwa masharti, wakitambulishwa kwa pete isiyofunguka ambayo huvishwa mguuni wakiwa makinda. Hapo ndipo penye mwanya: wa msituni huweza kupitishwa kwa karatasi za wa kizimbani.

Mbinu za ukamataji ni chache. Iliyo kuu ni ulimbo unaopakwa matawini, huku kasuku aliyefungwa akiwaita wenzake. Nyingine ni kutoa makinda tunduni. Wanaonaswa hukatwa manyoya ya mabawa, na wengi hufa kabla ya kuuzwa. Mkataba, kwa maumbile yake, hukagua vibali mpakani. Mtegaji aliye juu ya mti huachiwa sheria ya nchi, ambayo vita vya Masisi na Walikale vimeinyima watekelezaji.

Anayeokolewa hawezi kuachiwa siku hiyohiyo, kwa kuwa hana budi kusubiri hadi manyoya yaote upya.