Historia ya Kupima Tiba ya Saratani ya Ini

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika habari hii, msomaji, utaona jinsi matabibu wa saratani ya ini walivyokaa miaka mingi wakiupima mlango, na jinsi walivyopata hatimaye kuingia ndani.

Ini limefichwa chini ya mbavu za upande wa kulia. Uvimbe ukimea ndani yake hauonekani kwa macho, na mgonjwa akitibiwa si rahisi kujua kama tiba imefaa. Walakini ni lazima ijulikane. Dawa isiyofaa ikiendelezwa, mgonjwa hutaabika bure. Na dawa ifaayo ikikatizwa, hunyimwa siku ambazo angaliishi.

Zamani daktari alitegemea vidole vyake. Alilipapasa tumbo, akautafuta ukingo wa ini, akapima. Mwaka 1976 Charles Moertel na James Hanley wa Marekani walitangaza jaribio lililoonyesha udhaifu wa njia hiyo. Waliweka matufe 12 juu ya godoro, wakayafunika kwa sponji, kisha wakawaita madaktari 16 wazoefu wayapime kwa kuyapapasa. Tufe halikui wala halinywei, lakini vipimo vilihitilafiana! Ilidhihirika kwamba uvimbe ukihesabiwa kuwa umepungua kwa tofauti ndogo tu, kosa la mkono laweza kudhaniwa kuwa kazi ya dawa. Basi mwaka 1979 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa kanuni: urefu wa uvimbe uzidishwe kwa upana wake, na jumla hiyo ipungue kwa asilimia 50 ndipo isemwe kwamba tiba imefaa.

Wakati huo jicho jipya lilikuwa limekwisha kuzaliwa. Eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, lakini haikuweza kuutenga vema uvimbe na nyama laini ya ini. Mwingereza Godfrey Hounsfield aliunda mashine iliyopiga eksirei kutoka pande nyingi, na kompyuta ikaziunganisha kuwa picha ya kipande kimoja cha mwili, kama mkate uliokatwa slesi. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa huko London mwaka 1971. Haikupita miaka mingi, ini nalo likaonekana. Mwaka 2000 kanuni mpya, iitwayo RECIST, ilirahisisha hesabu: upimwe urefu mkubwa wa uvimbe peke yake, nao upungue kwa asilimia 30.

Lakini angalia, msomaji: jicho lilikuwa jipya, na wazo lilikuwa lile la kale. Kilichopimwa kilikuwa ukubwa. Je, mti ukikauka hupungua kimo? Husimama palepale, nao umekufa. Ndivyo ulivyo uvimbe wa ini. Iko tiba ambayo daktari hupitisha mrija mwembamba katika mishipa, akamimina dawa katika ini na kuuziba mshipa unaoulisha uvimbe. Uvimbe huweza kufa kwa njaa ya damu huku ukubwa wake ukibaki karibu vilevile.

Jibu lilipatikana katika damu yenyewe. Ini zima hupata sehemu kubwa ya damu yake, kama robo tatu, kwa mshipa utokao matumboni; saratani ya ini hulishwa zaidi na ateri. Mgonjwa akidungwa dawa yenye ayodini na kupigwa picha mara dawa ifikapo katika ateri, sehemu hai ya uvimbe kwa kawaida hung'aa, na sehemu iliyokufa hubaki giza. Mwaka 2000 wataalamu waliokutana Barcelona, Hispania, walishauri kwamba kipimwe kile kilicho hai.

Mwaka 2008 ulileta ushahidi mzito. Katika majaribio ya dawa ya sorafenib kwa wagonjwa 602, uvimbe ulipungua kwa kipimo cha RECIST kwa asilimia 2 tu ya waliopewa dawa hiyo. Hata hivyo muda wa kati wa kuishi kwao ulikuwa miezi 10.7, na wa waliopewa dawa ya bandia miezi 7.9. Kama ukubwa ungalikuwa hakimu pekee, dawa hiyo ingalitupwa. Mwaka 2010 Riccardo Lencioni na Josep Llovet walitangaza RECIST iliyorekebishwa kwa saratani ya ini: upimwe urefu wa sehemu ing'aayo tu.

Kanuni hiyo nayo si kamili. Uvimbe uliotibiwa kwa mionzi huweza kung'aa kwa miezi kadhaa ingawa tiba inafanya kazi, hata daktari hana budi kusubiri na kupiga picha tena.

Nawe, msomaji, utakaposhika rula au mizani, jiulize kwanza ni kitu gani unachotaka kukijua. Mashine bora kuliko zote haiwezi kumfaa mtu aliyekosea swali.