Cheti na Kazi: Historia ya Vyuo vya Ufundi Vijijini Katika Kenya

Somo letu la leo ni la historia, lakini ni historia ya jambo lililo karibu nanyi sana. Mzazi akiuza mbuzi wawili ili mtoto wake akajifunze useremala au kushona nguo, atajuaje kama fedha zile zilizaa kitu? Watu wengi katika Kenya wamejaribu kulijibu swali hili, na majibu yao hayakufanana.

Kufunza ufundi si jambo geni. Katika miaka ya 1920 Serikali ya kikoloni ilikuwa na chuo cha ufundi huko Kabete, karibu na Nairobi. Waliosoma pale walikuwa wachache, basi tusikawie hapo.

Taabu kubwa ilitokea baada ya Uhuru wa mwaka 1963. Shule za msingi ziliongezeka upesi, lakini shule za sekondari hazikuweza kuzifuata kwa mwendo huo. Kila mwaka maelfu ya watoto walifanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, wakakosa nafasi ya sekondari, tena wakakosa kazi ya mshahara. Wengine walipanda basi kwenda mjini. Wengine walibaki nyumbani, na wazee wakasema vijana wa siku hizi ni wavivu. Hawakuwa wavivu. Walifundishwa kusoma na kuhesabu, kisha mlango ukafungwa mbele yao.

Mwaka 1966 viongozi wa elimu wa makanisa ya Kikristo katika Kenya walitoa taarifa ambayo jina lake lilikuwa swali: baada ya shule, nini? Walishauri viwepo vyuo vidogo vijijini, vya gharama ndogo, ambavyo wanakijiji wenyewe watavisimamia. Vyuo hivyo vilipoanzishwa vikaitwa politekniki za vijijini.

Sikilizeni vizuri kusudi lao la kwanza, maana hapa ndipo penye kiini cha somo. Vyuo hivi havikuanzishwa kwa ajili ya cheti. Kijana alitakiwa kujifunza kutengeneza vitu ambavyo jirani zake watanunua: kitanda, mlango, sare ya shule. Watu wa pale wakiwa wamekwisha kupata maseremala wa kutosha, chuo kilitakiwa kugeuza mafunzo yake. Kwa hiyo kipimo cha chuo kilikuwa rahisi. Baada ya mwaka mmoja au miwili, je, kijana huyu anakula kwa kazi ya mikono yake?

Katika miaka ya 1970 Serikali ilivisaidia vyuo hivi, navyo vikaongezeka sana. Msaada huo ulikuwa mwema. Lakini wazazi na vijana walitaka mtihani wa ufundi wa Serikali, na mimi siwalaumu. Sifa ya fundi hujulikana kijijini kwake tu, lakini cheti hukunjwa mfukoni kikaenda naye hadi Mombasa. Hata hivyo mtihani ulipokuwa kipimo, walimu walifundisha yale yaliyomo katika mtihani. Waliofaulu ni rahisi kuhesabiwa na kuandikwa katika taarifa. Yule aliyeshindwa mtihani lakini anatengeneza milango sokoni, nani atamhesabu?

Sasa tuseme tumemkuta kijana aliyesoma chuoni, naye ana kazi nzuri. Je, ni chuo kilichompa? Labda alikuwa mwerevu na mwenye bidii tangu zamani, au mjomba wake ana duka. Mkulima analijua jambo hili. Akitaka kujua kama mbolea yafaa, huitia katika mistari michache ya mahindi, na mistari ya jirani huiacha bila mbolea. Shamba ni moja, mvua ni moja. Wakati wa mavuno hulinganisha.

Kipimo cha namna hiyo kilifanywa Magharibi ya Kenya, upande wa Busia, kuanzia mwaka 2008. Vijana zaidi ya 2,000 waliokuwa wametoka shuleni waliomba kusomeshwa ufundi. Ikapigwa kura, na karibu nusu yao wakapewa hati ya kulipia karo, yenye thamani ya kama shilingi 35,000. Wengine hawakupewa, nao ndio waliokuwa kama mistari isiyotiwa mbolea. Baada ya miaka kadhaa wachunguzi waliwatafuta wote wa pande mbili.

Walikuta nini? Waliopata hati walisoma zaidi, hilo ni wazi. Lakini tukichukua wote pamoja, mapato yao hayakuonekana kuwapita sana wenzao. Faida kidogo ilionekana kwa wale walioajiriwa kwa mshahara. Msiseme upesi kwamba ufundi ni bure. Fundi wa cherehani asiye na cherehani atashona kwa nini? Karo peke yake hainunui vyombo, wala haileti wateja.

Jambo jingine lilijitokeza. Hati nyingine zilikubaliwa katika vyuo vya Serikali tu, na nyingine katika chuo chochote. Waliokuwa huru kuchagua chuo walielekea zaidi kuitumia hati yao na kuendelea na masomo.

Tena, baadhi ya waombaji walielezwa mapema jinsi mapato ya ufundi mbalimbali yanavyotofautiana. Kazi zilizozoewa kuwa za wanaume, kama umakanika, huwa na mapato makubwa kuliko ushonaji na ususi. Wasichana waliosikia maelezo hayo walielekea zaidi kuchagua kazi hizo kuliko wasichana ambao hawakuelezwa.

Kazi ya darasa: kabla ya somo lijalo, nendeni sokoni kwenu mkawahesabu mafundi. Mwulizeni kila mmoja alijifunza wapi, nani alimpa vyombo vyake vya kwanza, na ilichukua muda gani kabla hajapata mteja. Andikeni majibu katika daftari, kila fundi na mstari wake. Kwaherini.